Mwacheni Mwanamume Apendeze

Hotuba kwa wahitimu wa ushonaji, ususi na urembo, Kisumu

Mwalimu mkuu, walimu, wazee wetu mlioketi hapa mbele, wazazi, akina mama, na nyinyi wahitimu mliotukusanya leo: hamjambo? Bwana asifiwe.

Itifaki imezingatiwa, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja. Niliombwa nizungumzie namna ya kuanzisha biashara ya cherehani, na karatasi niliyoandaa ninayo mfukoni. Lakini muda mfupi uliopita, majina ya wahitimu wa ususi yaliposomwa, kijana wa kiume alisimama kuja kuchukua cheti chake na kicheko kikatoka kule nyuma ya hema. Akaja wa pili, mwenye hereni masikioni na kucha zilizopakwa rangi vizuri sana. Kicheko kikazidi, na mtu akapiga mluzi. Vijana hao wameketi pale safu ya tatu, wamesikia, na wazazi wao wamesikia. Basi karatasi itabaki mfukoni. Nataka tuzungumze juu ya kicheko hicho.

Aliyecheka simjui na simtafuti. Ninachokijua ni alichofundishwa: kwamba nakshi, rangi, hereni, nywele za kusukwa na kitambaa kinachoteremka kwa madaha ni mali ya mwanamke, na mwanamume akivigusa amepungukiwa. Wengi wetu tulifundishwa hivyo. Tena tuliambiwa kwamba hayo ndiyo maisha ya babu zetu, na kijana akithubutu kuvaa anachokipenda tunamrushia methali: mwacha mila ni mtumwa. Mimi nauliza, mila ipi?

Tuanze hapa hapa ziwani. Mzee wa Kijaluo aliyetaka kuonekana siku ya sherehe hakutoka nyumbani hivi hivi. Kichwani alivaa taji la manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, mikononi bangili za waya, mwilini ngozi na shanga, na alichukua muda kujitengeneza. Mpiga nyatiti, ambaye kwa desturi alikuwa mwanamume, alifunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye nyatiti yake kuweka mapigo. Na watu wakiwa katikati ya ngoma, mwanamume aliweza kuusimamisha muziki, akatoa pesa yake, akasimama kujisifu mbele ya wote: uzuri wake, watu wake, anayempenda. Pakruok hiyo bado ipo, wazee mnaijua. Nyadhi, yaani yale madaha ya kujionyesha, mnaijua. Hakuna aliyemwambia mtu huyo kwamba kupenda kutazamwa ni tabia ya kike.

Sasa tazameni hiyo milima ya Nandi inayoonekana hapo juu ya mji wetu. Maelezo ya desturi za Wanandi yaliyochapishwa mwaka 1909 yanasema kwamba kijana aliyekaribia kutahiriwa alitembelewa na wasichana, wakampa baadhi ya nguo zao na mapambo yao, naye akavivaa. Akishatahiriwa alikaa mafichoni na wenzake akiwa amevaa vazi refu la kike, hadi wakati wa kutoka ulipofika. Naomba mfikirie jambo hilo kwa utulivu. Shujaa wa Nandi, wa jamii iliyopigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka 10 hadi 1905, alipita ndani ya nguo ya mwanamke akielekea kwenye utu uzima wake, na aliyemvisha ni jamii yenyewe.

Kwa Wamaasai ni karibu vilevile. Kijana aliyetoka jandoni amekuwa akivaa hereni za shaba za mzunguko, za namna ile ile inayovaliwa na mwanamke aliyeolewa. Akiwa morani anafuga nywele, anasukwa na wenzake misuko myembamba kwa saa nyingi, anapakwa mafuta na udongo mwekundu, anavaa shanga shingoni na vifundoni. Siku ya kuacha umorani, kwenye sherehe ya Eunoto, mama yake ndiye anayemnyoa, na wapo morani wanaolia machozi nywele zile zikianguka. Huyo ndiye mwanamume tunayemchapisha kwenye kadi za watalii kuonyesha ujasiri wa Kenya. Huko Bungoma nako, kila mwaka wa shufwa ukifika Agosti, mvulana wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa zake akiwa na shanga kifuani, akipiga njuga za chinyimba kwenye vyuma vya mikononi. Anacheza na anatazamwa, na mjomba anamkagua kama yuko tayari kwa kisu.

Sitaki kuwadanganya kwamba zamani hapakuwa na mipaka. Ilikuwepo, tena mikali. Kila pambo lilikuwa na mwenye haki ya kulivaa na wakati wake, na kijana wa Kinandi alilivua lile vazi siku yake ilipotimia. Ninachosema ni kwamba hakuna mzee wa wakati huo aliyeamini kitambaa kina nguvu ya kumwondolea mwanamume uanaume wake. Hofu hiyo tuliletewa.

Ililetwa polepole. Kanzu ilifika Mumias na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, wakuu wakaipenda na kuivaa. Baadaye wakaja wamisionari na shule zao. Maseno ilianza mwaka 1906. Nywele zikanyolewa, shanga zikavuliwa, masikio yaliyotobolewa yakawa aibu. Aliyevaa nguo za wageni akaitwa mtu wa jonanga, mtu wa kitambaa, na akahesabiwa kuwa ameendelea. Serikali ya kikoloni nayo ikawavisha tarishi, askari na karani kaptura za kaki, rangi ya vumbi. Ndani ya maisha ya mtu mmoja mwanamume wa nchi hii alitoka kwenye manyoya ya mbuni akaingia kwenye kaki, na wajukuu wake wakaambiwa kaki ndiyo asili yao.

Hata leo hatujaliacha jambo hilo. Machi 2011 mbunge wa Makadara wakati huo, Gidion Mbuvi Sonko, alitolewa bungeni kwa sababu ya hereni na miwani ya jua. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma, akatangaza kwamba suti ya Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika hayaruhusiwi humo ndani. Vazi la heshima ni koti, kola na tai. Namheshimu Spika. Lakini mtu wa nyumbani kwake, akienda kumwona akiwa amevaa kama babu yao alivyovaa siku ya sherehe, atarudishwa mlangoni, na mtu huyo huyo akirudi kijijini atamwambia kijana wake mwenye hereni kwamba ameiga wazungu!

Wazungu wenyewe, kwa taarifa yenu, hawakuwa hivyo. Viatu vya visigino virefu vilivaliwa na wapanda farasi wa Uajemi, vikaenda Ulaya, na wanaume wa huko wakaving'ang'ania. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alichorwa mwaka 1701 akiwa na visigino vyekundu, soksi ndefu za hariri na wigi linalofika kifuani. Mwaka 1918 jarida la wauzaji wa nguo za watoto Marekani lilishauri waridi iwe rangi ya wavulana na bluu iwe ya wasichana. Mambo haya yamekuwa yakigeuka sikuzote.

Najua kuna swali linalongoja, na sitalikwepa kwa sababu mimi pia ni mtu wa kanisa. Kumbukumbu la Torati 22:5. Mwanamke asivae yampasayo mwanamume, wala mwanamume asivae mavazi ya mwanamke. Andiko lipo, na anayelishika kwa moyo safi simdharau. Ninamwomba tu asifunge kitabu hapo. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 8, unaambiwa ujenge ukingo kuzunguka dari ya nyumba yako. Mstari wa 11 unakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Wa 12 unaagiza vishada kwenye pembe nne za vazi. Sisi mafundi tunashona nyuzi zilizochanganywa kila siku, na sijamwona mchungaji akigeuza koti lake kusoma lebo kabla ya kupanda madhabahuni. Nusu ya pili ya mstari wa 5 tunaishika kwa mikono miwili. Nusu ya kwanza, ile ya wanawake na suruali, tumeiachia.

Sasa fungueni Kutoka, sura ya 28. Hapo Mungu anamwagiza Musa amtengenezee Haruni ndugu yake mavazi matakatifu, kwa utukufu na kwa uzuri. Kwa uzuri! Sura nzima ni maelezo ya vazi la mwanamume: dhahabu, buluu, zambarau, nyekundu, kitani nzuri, vito kifuani. Joho refu, na kwenye pindo lake makomamanga ya nyuzi za rangi na kengele za dhahabu, komamanga na kengele, komamanga na kengele, kuzunguka pindo lote, ili sauti yake isikike anapoingia patakatifu. Na kazi hiyo akapewa nani? Mstari wa 3 unasema wale wenye hekima mioyoni, ambao Mungu mwenyewe amewajaza roho ya hekima. Mafundi. Watu wa kazi yenu nyinyi mnaohitimu leo. Nilipousoma mstari huo kwa mara ya kwanza kwa makini nilisimamisha cherehani.

Na kila Jumapili tunaliona. Wanaume wa makanisa ya Roho wanapita hapa Kondele na ngoma zao, wamevaa kanzu nyeupe zenye misalaba myekundu. Waumini wa Legio Maria wana majoho ya rangi hata huwezi kuzimaliza. Ndugu zetu Waislamu wanatoka msikitini Ijumaa wakiwa na kanzu zilizotariziwa kifuani, wamejifukiza udi, wengine wametia wanja machoni na hina ndevuni. Padri ana lesi kwenye mikono ya vazi lake. Nani anayewacheka?

Nimewahi kuliwaza hili nikiwa nimeketi soko la Kibuye, kwenye marobota ya mitumba. Mwendesha boda anakuja asubuhi na baridi, anachagua koti zito. Koti lina manyoya kwenye kola, limebana kiunoni, vifungo viko upande wa kushoto. Fundi yeyote atawaambia hilo ni koti la mwanamke. Anajaribu, linamkaa, analipa, anaondoka nalo, na mjini hakuna anayegeuka kumtazama. Jioni tunafungua simu, tunakuta wachekeshaji wetu wa kiume, vijana wenye vipaji kweli kweli, wamefunga leso kiunoni na wigi kichwani wakiigiza akina mama wa mtaani. Tunawapenda, tunawatumia wenzetu.

Kwa hiyo si kweli kwamba hatumruhusu mwanamume avae cha kike. Tunamruhusu avae kwa sababu ya baridi, au kutuchekesha, au kwa ibada. Tunachomkatalia ni kuvaa kwa furaha yake mwenyewe. Akivaa na uso wake ukang'aa, akajitazama kwenye kioo akajipenda, hapo ndipo tunapopiga mluzi. Ndugu zangu, furaha hiyo imetukosea nini?

Kijana mmoja aliwahi kuja kwangu na kitambaa cha krepu, rangi ya bahari, laini sana. Alitaka vazi la harusi ya dada yake: shati refu linalofika chini ya magoti, mikono mipana inayofunguka kuanzia kiwiko, kola ya kusimama iliyotariziwa kwa uzi wa fedha, na ubavuni mpasuo. Alikuwa ameuchora mchoro mwenyewe, na ulikuwa mchoro wa mtu anayejua anachotaka. Tulishauriana juu ya bitana, tukakubaliana iwe nyepesi ili isizuie kitambaa kuteremka. Wakati wa kujaribu alisimama mbele ya kioo akanyamaza, kisha akaanza kugeuka geuka, akainua mikono aone inavyoanguka. Mjomba wake, ndugu ya mama, alikuwa amemsindikiza ili waende naye mahali baadaye. Akasimama mlangoni akasema kwa sauti, mbele ya wateja wengine, kwamba hilo ni gauni, na kwamba hatakubali aibu hiyo siku ya harusi.

Yule kijana alivua. Sitasahau jinsi alivyovua, haraka haraka, kama mtu aliyekamatwa. Nilimwambia mjomba, kwa adabu kwa maana ni mtu mzima kunizidi: "Mzee, kanzu uliyovaa wewe siku ya mahari ya binti huyu mimi ndiye niliyeishona, na ina urefu zaidi ya hii." Alinitazama. Hakujibu, lakini hakuondoka pia. Alikaa kwenye benchi. Baadaye nilisikia dada mtu mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala nyumbani: alisema ndugu yake akizuiwa kuvaa vazi lake, harusi ingoje. Vazi lilivaliwa. Tangu hapo nimeshonea wanaume mavazi ya namna hiyo mara nyingi, wengine wakiwa na wake na watoto, wengine vijana wadogo, na mmoja mstaafu wa reli ambaye alitaka tu, kwa maneno yake, nguo inayocheza na upepo kabla hajafa.

Hapa kuna neno ambalo watu hulinong'ona, nami nitalisema wazi. Wapo wanaouliza: mwanamume wa kucha rangi si ni wa jinsia moja huyo? Wapo ambao ndivyo walivyo, na wengi sivyo. Fundi hana haja ya kuuliza. Futi ya kupimia haiulizi mtu analala na nani. Mwenye kupenda wanaume na mwenye kupenda wanawake wote wana mabega, kiuno na haki ya kufika nyumbani salama.

Kufika nyumbani salama si jambo la kupita juu juu. Januari 2023, mwili wa Edwin Chiloba ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara katika kaunti ya Uasin Gishu. Alikuwa mbunifu wa mavazi na mwanamitindo, na alitetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Alikuwa mtu wa fani yetu. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimhukumu aliyemuua kifungo cha miaka 50. Mahakama ilifanya kazi yake. Linaloniumiza mimi ni yale yaliyoandikwa mitandaoni wiki ile, kabla hata hajazikwa: watu wenye picha za watoto wao kwenye wasifu wao wakilicheka gauni la marehemu. Alikuwa na mama na ndugu, na maneno hayo yaliwafikia wakiwa matangani.

Kicheko cha nyuma ya hema na maneno yale ni ndugu wa damu. Sisemi aliyecheka leo angemdhuru mtu. Nasema anayetaka kumdhuru mtu husikiliza kwanza nani anacheka, ili ajue kama atazuiwa.

Sheria yetu haiko upande wa kicheko. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na kinapotaja misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, rangi, jinsia, dini, utamaduni, lugha, kinataja pia mavazi. Mavazi yameandikwa humo pamoja na dini na kabila! Na kifungu hicho hakiifungi serikali pekee, kinamfunga na jirani. Mwaka 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume, na watu wengi kuandamana Nairobi mwezi Novemba, sheria ya adhabu iliongezewa kifungu cha 251A: anayemvua mtu nguo kwa nguvu kwa kumdhalilisha anastahili kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria inasema mtu. Haikusema mwanamke tu. Kondakta au kijana wa stendi anayedhani ana ruhusa ya kumrarua mwanamume sketi yake hana ruhusa hiyo.

Akina mama mlio hapa mnalijua jambo hili kwa miili yenu. Nchini Malawi, sheria ya mwaka 1973 ilimkataza mwanamke kuvaa suruali. Tanzania, kuanzia mwaka 1968, vijana wa chama walipewa kazi ya kupiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Paris kulikuwa na amri ya mwaka 1800 dhidi ya suruali za wanawake, na ilitangazwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013. Kila mahali walisema nyumba zitavunjika. Leo polisi wa kike anaongoza magari akiwa ndani ya suruali, daktari wa kike anafanya upasuaji ndani ya suruali, na nyumba zinazovunjika zinavunjika kwa mambo mengine. Mliipigania nusu yenu mkaipata. Nawaomba mtusaidie kuipata nusu iliyobaki, kwa maana mwana wa kiume hujifunza aibu mapema sana. Mvulana wa chekechea huchukua utepe wa dada yake akaufunga kichwani na akacheka. Hajui kitu. Anayemfundisha ni yule anayeunyakua na kumwambia "wewe si msichana" kwa sauti inayomfanya aelewe kwamba kuwa msichana ni hasara. Dada mtu naye amesimama hapo hapo, anasikia.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tunapomcheka mwanamume kwa kufanana na mwanamke, tumemtukana mwanamke pia. Mabinti mnaohitimu leo mmetukanwa na mluzi ule pamoja na hawa wavulana.

Wazazi wa vijana hawa wa safu ya tatu, najua mna hofu, na hofu yenu si ya kipumbavu. Mji una watu wabaya. Lakini mtoto akitoka nyumbani akijua anapendwa, hutembea tofauti barabarani. Anajua ampigie nani simu mambo yakiharibika. Aliyefukuzwa hana wa kumpigia. Na kazi waliyoisomea si ya aibu. Nendeni saluni za mjini mkaone: wasusi wanaogombaniwa na wateja, wengi ni wanaume. Vijana wanaopaka kucha karibu na stendi wanalipa kodi ya nyumba kwa brashi ile ndogo.

Sasa nyinyi wahitimu, neno la kazi. Mtakutana na mteja mwanamume anayezunguka dukani akishika shika vitambaa bila kusema. Anaangalia kama kuna wengine. Usimwite kwa sauti. Sogea, mwulize kwa upole anataka nini, na akikuambia, usiinue nyusi. Weka pazia mahali pa kujaribia, pazia zito, lenye kufunga vizuri. Bei iwe ile ile unayomtoza mwanamke kwa kazi hiyo hiyo. Kumwongezea kwa sababu anaona haya ni wizi. Usimpige picha ukaiweka mtandaoni bila idhini yake, hata kama kazi imekupendeza kiasi gani. Mwenzako karakanani akianza maneno, mnyamazishe mbele ya mteja, usingoje mteja aondoke.

Na mjifunze kukata. Wengi wanadhani gauni la mwanamume ni gauni la kike lililoongezwa upana, na ndiyo sababu linatoka baya kisha analaumiwa mvaaji. Bega lake ni pana na limenyooka, nyonga ni nyembamba, kiuno kinakaa chini zaidi. Ukibakiza mikunjo ya kifuani, kitambaa kitabaki kimevimba bila kitu ndani. Iondoe, upeleke upana mgongoni, uteremshe kwapa kidogo ili mkono upate nafasi, na sketi ianzie juu ya mfupa wa nyonga. Kitenge kigumu kinasimama vizuri kwenye koti na kola. Kwa kinachoteremka tumieni krepu au hariri. Wasusi nao: nywele fupi za mwanamume zina pembe zake paji la usoni, msizivute hadi zing'oke. Kizuri chajiuza. Mwanamume akitoka dukani kwako amependeza kweli, wale wa nyuma ya hema watakosa la kusema, na wengine watakuja kukuuliza bei wakati hakuna anayewaona.

Mwalimu mkuu, nina ombi na nina ahadi. Ombi ni kwamba mtaala wa ushonaji wa mwaka ujao uwe na vipindi vya kukata mavazi marefu ya wanaume, kanzu, joho, agbada ya Afrika Magharibi na gauni, pamoja, bila kuyatenga. Nitakuja kufundisha mwenyewe, chuo hakitalipa kitu. Ahadi ni kwa wale vijana wawili waliochekwa. Ninyi ni wasusi, na karibu na karakana yangu kuna chumba kilichokuwa stoo, kina dirisha kubwa na maji. Nimemwomba mwenye nyumba leo asubuhi kwa sababu nyingine, lakini sasa nimeamua. Kodi ya miezi mitatu ya kwanza ni juu yangu. Jumatatu saa mbili asubuhi njooni na vitana vyenu, na mzazi mmoja kwa kila mtu, tuandikiane.